Violoni bila upinde: namna ya kuanza kupiga nyuzi kwa kidole

Vijana wa Mangobo wanaotaka kujifunza violoni wanakutana kwanza na shida moja, ile ya upinde. Violoni yenyewe inaweza kupatikana: imeachwa na mtu aliyerudi kwao, au imetolewa zawadi kwa parokia, au korali imeinunua kwa kuchanga fedha kidogo kidogo. Lakini upinde wake ama umevunjika, ama umebaki mti mtupu bila nywele. Hata pale penye upinde mzuri, mara nyingi ni mmoja tu kwa wanafunzi watano au sita. Basi mmoja anapiga, wengine wanamtazama. Nyuma ya majuma matatu wale wanaotazama hawarudi tena. Tunasikitika, maana kati ya walioacha wamo wenye masikio mema kuliko yule aliyebaki na upinde mkononi.

Mtu anaweza kuuliza: je, upinde hauwezi kutengenezwa hapa hapa Kisangani? Mti wake, labda. Nywele zake ndizo ngumu. Ni nywele za mkia wa farasi, karibu 150 hadi 200 kwa upinde mmoja, na farasi hawaishi katika nchi ya pori kama yetu, kwa sababu yule inzi wa ugonjwa wa usingizi anawaua. Nywele hazina budi kutoka mbali, na fundi wa kuzifunga vilevile. Tena hewa yetu imejaa maji. Mvua ya Kisangani inanyesha karibu miezi yote, na nywele za farasi zikinywa unyevu zinarefuka na kulegea. Kisha zinahitaji kolofani, ule utomvu mkavu wa miti unaopakwa ili nywele ziushike uzi. Pasipo kolofani upinde unateleza bila kutoa sauti. Wapo wanaojaribu kufunga nyuzi za nailoni mahali pa nywele. Matokeo yake wanayajua wao, na majirani wao wanayajua zaidi.

Sisi tunaona ya kuwa mwanafunzi asiye na upinde anaweza kuanza leo, kwa kidole chake. Na tunasema kuanza kweli. Mambo mengi yanayomshinda mwanafunzi wa violoni yako katika mkono wa kushoto na katika sikio, na mambo hayo hayangoji upinde. Lakini yatafaa tu ikiwa kidole kimefundishwa vizuri, maana kuna namna ya kupiga kwa kidole inayoharibu mkono, uzi na sikio pamoja. Juu ya namna hizo mbili ndiyo tunataka kuandika.

Mbele ya kufika huko, tuwajibu wale wanaosema ya kuwa violoni ikipigwa kwa kidole ni mchezo wa watoto. Jambo hilo lina jina lake la Kiitalia, pizikato, na lina umri mkubwa. Claudio Monteverdi, mkuu wa muziki katika kanisa la Mtakatifu Marko kule Venezia, ambaye baadaye alipata upadri mwaka 1632, aliandika mwaka 1624 mchezo wa kuimbwa juu ya vita vya Tancredi na Clorinda; ndani yake aliwaamuru wapigaji waache upinde na kuzivuta nyuzi kwa vidole viwili. Leopold Mozart, baba wa yule Mozart anayejulikana na wote, alikuwa mtumishi wa askofu mkuu wa Salzburg, naye katika kitabu chake cha kufundisha violoni cha mwaka 1756 alieleza kidole kiguse uzi namna gani. Tutarudi kwake. Na Tchaikovsky, katika simfoni yake ya nne iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1878, aliwapa wapigaji wote wa nyuzi sehemu nzima ya tatu bila kugusa upinde hata mara moja. Hao hawakuwa wakicheza.

Na sisi wenyewe tusijifanye wageni. Vidole vyetu vimezoea kazi hii tangu zamani. Anayepiga likembe anabonyeza vyuma kwa vidole gumba viwili. Wazande wa upande wa Uele wana kundi, kinubi chenye nyuzi tano kinachopigwa kwa vidole vya mikono miwili. Na gitare iko katika kila barabara ya Mangobo. Wazee wanakumbuka Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alinasa sauti yake mwaka 1952: kidole gumba na kidole cha shahada tu, na mtu aliyesikiliza bila kutazama aliweza kudhani wanapiga wawili. Hata mfalme Daudi, tunapomsoma katika kitabu cha kwanza cha Samweli akimtuliza Sauli, Maandiko yanasema alipiga kinubi kwa mkono wake.

Desturi hii ni msaada, lakini ni mtego pia. Kijana aliyetoka kwenye gitare anafika akidhani violoni ni gitare ndogo. Sivyo. Shingo ya gitare ina vyuma vilivyopigiliwa, navyo vinachagua sauti mahali pa mpigaji. Akikosea kidogo kuweka kidole, chuma kinamsamehe. Ubao wa vidole wa violoni ni laini kabisa, hauna chuma wala alama. Kosa la milimita mbili linasikika. Tena uzi wa gitare una urefu wa karibu sentimita 65, uzi wa violoni ya mtu mzima hauzidi sana sentimita 32 na nusu kutoka kwenye daraja hadi mwisho wa shingo. Uzi mfupi unanyamaza upesi. Kwa hiyo mpigaji wa gitare anayevuta kwa nguvu akitafuta sauti ndefu kama ile aliyoizoea, anapata kelele, na sauti ndefu haipati.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Violoni ina nyuzi nne: sol, re, la, mi, kutoka ule mnene hadi ule mwembamba. (Ndugu zetu wa Unguja, ambao chama chao cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, huiita violoni fidla.) Siku za kwanza mwanafunzi akae kitini, ailaze violoni mapajani au aishike mbele ya kifua kama gitare, naye azivute nyuzi kwa kidole gumba cha kuume, moja moja, akizitaja kwa sauti: sol, re, la, mi, mi, la, re, sol. Katika hali hiyo macho yanaona mikono yote miwili, na shingo ya mtu haina taabu. Juma moja latosha. Anayebaki mapajani mwezi mzima atapata kazi kubwa ya kuipandisha violoni begani, kwa sababu mkono wa kushoto utakuwa umejifunza kupinda upande usiofaa.

Violoni ikiisha kupanda juu ya bega la kushoto na kushikwa na taya, kidole gumba kinaacha kazi ya kuvuta na kupata kazi nyingine. Hapo ndipo Leopold Mozart anapofaa. Yeye anafundisha kuegemeza kidole gumba kwenye mwisho wa ubao wa vidole, na kuvuta kwa ncha ya kidole cha shahada. Kidole gumba, asema, kina nyama nyingi, kinaizima sauti. Kiachiwe zile sauti nyingi zinazopigwa pamoja. Tumejaribu namna zote mbili na tunakubaliana naye. Basi weka ncha ya kidole gumba kwenye pembe ya ubao, upande wa uzi wa mi. Isibonyeze, iegemee tu, kama mtu anayeegemea mlango akiongea na jirani. Vidole vitatu vya mwisho vikunjwe bila kukaza. Kidole cha shahada kinabaki peke yake, kimepindika kidogo.

Kinagusa uzi kwa nyama ya ncha, na ukucha usifike. Kucha ndefu, ambazo wapigaji wengine wa gitare wanazitunza kama mali, hapa hazifai: zinatoa sauti kavu na kuula uzi. Mahali pa kugusa ni juu ya ubao wa vidole, sentimita mbili au tatu kutoka mwisho wake. Mwanafunzi ataona nafasi wazi kati ya mwisho wa ubao na daraja, naye atavutwa kuweka kidole pale, kwa sababu panaonekana pametengenezwa kwa ajili hiyo. Asipaguse kamwe. Ile ni nafasi ya upinde. Karibu na daraja uzi ni mgumu na sauti yake ni nyembamba, tena jasho na mafuta ya kidole yanabaki juu ya uzi. Siku upinde utakapopatikana utateleza pale pale, na mwanafunzi ataulaumu upinde bure.

Namna ya kuvuta ni jambo ambalo karibu wote wanakosea. Wanaingiza kidole chini ya uzi, wanauinua juu, kisha wanauachilia. Uzi unarudi chini kwa nguvu na kuupiga ubao: taa! Mzee Mozart alikataza jambo hilo wazi. Uzi uvutwe kwa ubavu, si kutoka chini. Ni kweli, watungaji wa siku za karibu, na hasa Béla Bartók wa Hungaria, waliupenda ule mlio wa uzi kuupiga ubao, wakaupa alama yake katika karatasi ya muziki. Bartók alijua alichotaka. Anayeanza asimfuate. Wewe telezesha kidole kwa upande, kutoka uzi mnene kuelekea uzi mwembamba, kama mtu anayefuta vumbi juu ya meza kwa ncha ya kidole. Uzi unasogea kidogo, unakiacha kidole, unaanza kutetemeka kwa ubavu, na ubao hauugusi. Kisha kidole kinaendelea na mwendo wake hewani, kinazunguka kidogo, kinarudi. Kidole kinachosimama ghafula baada ya kuvuta kinaukaza mkono wote, na bega linapanda hadi sikioni.

Nguvu? Kidogo kuliko unavyodhani. Mwalimu anaweza kusimama hatua kumi mbali na kumwambia mwanafunzi apige polepole mpaka sauti imfikie tu. Mara nyingi anayevuta kwa nusu ya nguvu anasikika mbali kuliko anayevuta kwa nguvu zote.

Mpaka hapa tumeongea juu ya mkono wa kuume. Lakini faida kubwa iko upande wa pili.

Upinde unaficha mengi. Unaendelea kuusugua uzi na kuulazimisha kutoa sauti, hata kama kidole cha kushoto kimeubonyeza kwa ulegevu. Kidole cha kuume kinavuta mara moja na kuondoka. Sauti inayobaki inategemea mkono wa kushoto peke yake. Kama kidole cha kushoto kimebonyeza uzi sawasawa hadi ubaoni, kwa ncha yake, sauti inalia na kuzimika pole. Kama kimelala au kimelegea, unasikia “tok”, kama kugonga kibuyu, na kimya. Hakuna mwalimu anayesema kweli upesi namna hiyo. Mwanafunzi asikie “tok” yake mwenyewe, akaze kidole kidogo, apige tena, akaze kidogo tena, mpaka sauti ilie. Hapo asikaze zaidi. Atakuwa amejifunza kiasi cha nguvu, na wengi wenye upinde hawajifunzi kiasi hicho hata kwa mwaka mzima. Na kidole cha kushoto kisiinuke mbele ya sauti kwisha. Kikiinuka mapema, sauti inakatwa kama kichwa cha kuku.

Halafu sikio. Ubao hauna alama, basi kidole kitajuaje mahali pake? Hesabu za zamani za wanafunzi wa Pitagora zinatusaidia. Uzi ukifupishwa kwa sehemu moja ya tisa, sauti inapanda toni moja. Kwa uzi wa milimita 328 hiyo ni karibu milimita 36 kutoka mwisho wa shingo: pale kinakaa kidole cha kwanza. Ukifupishwa kwa robo, yaani milimita 82, pale kinakaa kidole cha tatu. Kwa theluthi, milimita 109 hivi, kidole cha nne. Walimu wengine wanabandika vipande vya karatasi mahali hapo. Hatuwakatazi kwa mwezi wa kwanza. Lakini baada ya mwezi vibanduliwe, maana jicho ni mtumishi mvivu, likipewa kazi ya sikio linamlaza bwana wake.

Violoni yenyewe ina alama bora kuliko karatasi, nayo inasikika kwa kidole kuliko kwa upinde. Weka kidole cha tatu juu ya uzi wa la: utapata re, oktava moja juu ya ule uzi wa re ulio wazi pembeni. Vuta uzi wa la mara moja kwa nguvu kidogo, ngoja kidogo, kisha uzime kwa kidole cha kuume. Sikiliza. Kama kidole kiliwekwa sawa, sauti ndogo inabaki hewani: ni uzi wa re, ambao haukuguswa na mtu, umeanza kutetemeka wenyewe kwa kuitikia. Sogeza kidole milimita tatu mbele na ujaribu tena. Kimya. Uzi wa re hauitikii uwongo. Fanya vile vile kwa kidole cha tatu juu ya uzi wa re, na sol ulio wazi utaitika. Kwa kidole cha tatu juu ya mi, na la itaitika. Kidole cha nne juu ya sol kinaita re kwa nguvu zaidi, kwa sababu ni sauti ile ile moja. Tunaona zoezi hili peke yake linatosha kumpa haki mtu asiye na upinde. Linahitaji dakika kumi kila siku, na nyumba iliyonyamaza, jambo ambalo katika Mangobo si rahisi. Saa ya alfajiri inafaa, mbele ya pikipiki na redio kuamka.

Kuna fundisho lingine katika ule ufupi wa sauti. Sauti ya kidole ikiisha, hesabu haijaisha. Noti ya mapigo manne inalia kwa pigo moja au mawili, na juu ya uzi wa mi hata pigo moja halitimii. Mwanafunzi asiyehesabu anakimbilia noti inayofuata ili kuziba kimya. Basi ahesabu kwa mdomo, au mguu upige chini pole pole, na kidole kingoje. Wanaotoka katika korali wanajua taabu hii: waimbaji wetu wanapenda kukaza mwendo pasipo kinanda cha kuwashika. Wimbo wa kwanza uwe mfupi, wenye noti tano tu, unaojulikana na mama na watoto nyumbani. Wakiutambua bila kuambiwa jina lake, wimbo umepigwa. Wakiuliza “huo ni wimbo gani?”, arudie kesho.

Sasa tuseme mipaka, ili mtu asidhani tunaudharau upinde. Kidole hakiwezi kufundisha sauti ndefu, wala kuunganisha noti na noti, wala kuongeza na kupunguza sauti ndani ya noti moja. Mkono wa kuume wa violoni ni kazi ya miaka, nao unajifunzwa kwa upinde tu. Wapo walimu wanaotaka upinde tangu siku ya kwanza. Penye pinde za kutosha hatubishani nao sana. Hata penye taabu hatupendi mwanafunzi apite miezi mitatu bila kuushika. Wakati wa kungoja ashike kijiti cha bambu chenye urefu wa sentimita 74 hivi, kama upinde. Kidole gumba kipindike, kidole kidogo kikae juu, naye aongoze kijiti hewani, dakika chache kila siku. Na ule upinde mmoja wa kikundi ugawanywe kwa saa, kila mmoja robo saa yake, huku wengine wakipiga wimbo ule ule kwa kidole kama wasindikizaji. Hapo hakuna anayetazama tu. Tena upinde usipewe daima yule aliye hodari kuliko wote, wala mtoto wa mkubwa wa korali. Jambo hilo limevunja vikundi vingi kuliko ukosefu wa nyuzi.

Atakapoingia katika orkestra atakuta maneno mawili katika karatasi yake: “pizz.”, maana yake piga kwa kidole, na “arco”, maana yake rudi kwenye upinde. Hapo upinde haulazwi chini. Unashikwa kiganjani kwa vidole vitatu vya mwisho, ncha ikitazama juu, na kidole cha shahada kinabaki huru. Kuna pia msalaba mdogo juu ya noti, +, unaoamuru uzi uvutwe kwa kidole cha mkono wa kushoto. Paganini alifanya hivyo katika kaprisi yake ya 24. Anayeanza aisome alama hiyo na kupita.

Juu ya kanisa tuna neno moja tu. Papa Pio X mwaka 1903 alikataza kanisani piano na ngoma na vyombo vingine vya kelele. Papa Pio XII, katika barua yake ya Krismasi ya mwaka 1955, alivisifu violoni na vyombo vingine vya upinde mbele ya vyombo vingine vinavyoweza kusaidia kinanda. Mtaguso wa Vatikano mwaka 1963 ulifungua mlango kwa vyombo vingine vinavyofaa ibada, na sisi ambao tuna kanuni ya misa kwa majimbo ya Zaire tangu mwaka 1988 tunajua ngoma imekaa wapi leo. Basi hakuna padri mkubwa wa parokia anayeweza kusema ya kuwa violoni ni chombo cha baa. Lakini shida yetu ni nyingine: violoni moja ikipigwa kwa kidole kando ya ngoma tatu haisikiki na mtu, na mvua ikianza kupiga mabati ya kanisa haisikiki hata na mpigaji. Nafasi yake ni wakati wa ukimya baada ya komunyo, au zaburi inayoimbwa na mtu mmoja. Penye violonseli au kontrabasi mambo ni mengine. Nyuzi zao ndefu zikivutwa kwa kidole zinaweza kuibeba korali nzima.

Inabaki habari ya nyuzi. Wapigaji wa Orkestra ya Kimbangu ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, walipokosa nyuzi walitumia nyaya za breki za baiskeli, na mwaka 2010 ilitengenezwa filamu iliyowaonyesha dunia nzima. Mji wetu, ambao umejulikana kwa baiskeli zake za toleka, haukosi nyaya hizo. Anayelazimika azijaribu, lakini akaze pole pole sana, kwa sababu waya mgumu unaweza kupasua daraja na kulala juu ya uso wa violoni. Uzi wa mi ndio unaokatika kwanza. Uhesabiwe katika bei tangu mwanzo. Vigingi vinavyovimba kwa unyevu visilazimishwe kwa koleo: vivutwe nje kidogo, kisha virudishwe pole pole. Violoni isitundikwe ukutani chini ya mabati, maana gundi yake ya kale inalegea kwa joto na unyevu, na asubuhi moja utakuta mgongo umeachana na mbavu. Na kila mtu aoshe mikono mbele ya kupiga, kisha apanguse nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, kutoka daraja hadi vigingi, hasa kikundi kinapobadilishana violoni moja. Kitambaa hicho kisitumiwe kufutia kolofani.